Ufundishaji wa insha ya maelezo

Ufundishaji wa insha ya maelezo ni sehemu ya somo la lugha inayomwezesha mwanafunzi kuandika kwa utaratibu juu ya jambo fulani ili msomaji alielewe. Insha ya aina hii hueleza jambo lilivyo, namna linavyofanyika, sababu zake au matokeo yake.

Neno "insha" limetokana na Kiarabu, ambako lina maana ya kuunda au kutunga.

Tofauti na insha nyingine

Walimu wa Kiswahili huitofautisha insha ya maelezo na:
- insha ya masimulizi, inayosimulia kisa au tukio;
- insha ya wasifu, inayochora sura na tabia za mtu, mahali au kitu;
- insha ya mjadala, inayopima hoja za pande mbili kabla ya kutoa msimamo.

Mpaka kati ya aina hizo si ukuta. Insha ya maelezo inaweza kuwa na kisa kifupi ndani yake, mradi kisa hicho kitumike kufafanua jambo linaloelezwa.

Muundo

Insha huwa na kichwa na sehemu tatu:
1. Utangulizi, ambao hutaja mada na kuonyesha itaelezwa kwa upande gani.
2. Kiini, chenye aya kadhaa. Kila aya hubeba wazo kuu moja tu.
3. Hitimisho, ambalo hukusanya yaliyoelezwa bila kuanzisha hoja mpya.

Hatua za kufundisha

Kuchambua swali. Mwanafunzi hufundishwa kutazama kwanza kitenzi cha swali. "Taja" hudai orodha, "eleza" hudai ufafanuzi, "linganisha" hudai mambo mawili yawekwe pamoja. Wengi hupoteza alama hapa ingawa mada wanaijua.

Kukusanya mawazo. Darasa hutaja kila linalojua kuhusu mada, na mwalimu huandika ubaoni bila kuchagua. Baadaye yasiyohusika hufutwa na yanayofanana huwekwa pamoja.

Kupanga. Mawazo yaliyobaki hupewa mfuatano: wa wakati kwa jambo linalofanyika hatua kwa hatua, wa sababu na matokeo, au wa kuanzia dogo hadi kubwa. Mpango wa mistari mitano au sita unatosha.

Kuandika aya. Walimu wengi huanza na aya moja kabla ya kudai insha nzima, kwa kuwa mwanafunzi asiyeweza kujenga aya moja hawezi kujenga tano.

Kusahihisha. Mwanafunzi huisoma rasimu yake kwa sauti, huibadilishana na mwenzake, kisha huandika nakala safi.

Mfano wa aya

Kwa mada "Madhara ya kukata mikoko", mwanafunzi anayeanza huweza kuandika hivi:

"Mikoko ni muhimu sana. Mikoko ina faida nyingi kwa binadamu. Watu wasikate mikoko kwa sababu ni vibaya."

Sentensi zote ni sahihi kisarufi, lakini hakuna kilichoelezwa. Baada ya kuulizwa "muhimu kwa nini?" na "kwa nani?", aya inaweza kuwa hivi:

"Kukata mikoko kunapunguza samaki. Samaki wengi wachanga na kamba huishi kati ya mizizi ya mikoko, ambako hupata chakula na kujificha wasiliwe na samaki wakubwa. Mikoko ikiondolewa, wachanga hao hukosa kinga na wachache tu hukua. Ndiyo maana mvuvi anayekata boriti leo huweza baadaye kurudi pwani na nyavu tupu."

Sentensi ya kwanza ni sentensi kuu, mbili zinazofuata hutoa sababu, na ya mwisho huonyesha matokeo kwa mtu anayejulikana na msomaji.

Makosa ya kawaida

Kosa linalolalamikiwa sana ni kukariri. Wanafunzi huhifadhi utangulizi uliojaa methali na tamathali za semi, kama vile maelezo ya jua kuchomoza, kisha huupachika katika mada yoyote. Methali hufaa pale tu inapobeba wazo la aya. Makosa mengine ni kuchanganya mawazo kadhaa katika aya moja, kurudia jambo lilelile kwa maneno tofauti, na kutumia viunganishi kama "hivyo basi" pasipo uhusiano wa sababu.

Katika madarasa makubwa mwalimu hawezi kusahihisha insha ndefu kila wiki. Njia inayosaidia ni kutoa zoezi la aya moja na kusahihisha jambo moja kwa wakati: wiki hii sentensi kuu, wiki ijayo viunganishi. Daftari lililojaa wino mwekundu humvunja moyo mwanafunzi, naye hajui aanzie wapi kurekebisha.

Umuhimu

Nchini Kenya, insha ina karatasi yake katika mtihani wa Kiswahili wa KCSE (102/1), wenye alama 40: mtahiniwa huandika insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima.

Faida yake huvuka somo la lugha. Majibu ya historia, jiografia na biolojia nayo ni maelezo. Nchini Tanzania, shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, ilhali sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyezoea kupanga mawazo katika Kiswahili huanza sekondari akiwa na kazi moja ya kujifunza, yaani lugha. Asiyezoea huwa nazo mbili kwa pamoja, na huenda akaonekana hajui somo wakati kinachomshinda ni kulieleza.

Tazama pia
- Insha
- Aya
- Uakifishaji
- Fasihi