Seneti ya Kenya na Ulinzi wa Katiba: 1963–1966 na Baada ya 2010

Makala haya yanachunguza kwa nini Seneti ya kwanza ya Kenya ilidumu miaka mitatu tu. Hoja yake ni kwamba udhaifu wa baraza hilo haukutokana na uchache wa mamlaka, bali na mikono iliyokabidhiwa ulinzi wake.

Katiba ya uhuru, iliyotokana na mazungumzo ya Lancaster House, iliunda Bunge la mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na wajumbe 129. Seneti ilikuwa na wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi, hivyo wilaya kubwa na ndogo zilikuwa na sauti sawa. Utaratibu huo ulipiganiwa na KADU, iliyohofia jamii ndogo kumezwa na wingi wa wafuasi wa KANU. Miswada ya kawaida Seneti iliweza kuichelewesha tu. Nguvu yake halisi ilikuwa katika vifungu vilivyolinda majimbo, ambavyo havikuweza kubadilishwa bila kura za asilimia 90 ya maseneta wote. Wapinzani watano walitosha kuzuia badiliko lolote la vifungu hivyo.

Kinga hiyo ilihitaji upinzani uwepo. Novemba 1964 KADU ilijivunja na wabunge wake wakajiunga na KANU. Kufuli ilibaki mlangoni, lakini walinzi walikuwa wamehama. Desemba Kenya ikawa jamhuri. Mwaka 1965 kiwango cha kura za kubadili Katiba kikashushwa hadi asilimia 65. Mwaka 1966 mabaraza yakaunganishwa. Maseneta hawakupoteza nafasi zao: yaliundwa maeneo mapya 41 ya ubunge kwa ajili yao, na uchaguzi ukasogezwa hadi 1970. Waliombwa kulizika baraza, si kuviacha viti.

Katiba ya 2010 ilirejesha Seneti, ikiwa na maseneta 47 wanaochaguliwa na kaunti. Katika miswada inayohusu kaunti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja, kama wilaya za 1963. Hata hivyo, kubadili majukumu ya Bunge au muundo wa ugatuzi sasa kunahitaji kura ya maoni. Ufunguo uliokuwa mikononi mwa maseneta umehamia kwa wananchi, ambao hawawezi kupewa viti vipya ili wakubali.