Karatasi Iliyojificha Ndani ya Waya

Katika karakana nyingi za kuchonga chuma duniani ingali ikifanya kazi mitambo ya miaka ya 1980 inayoongozwa kwa tarakimu, ambayo chuma chake hakijachoka wala usahihi wake haujapungua kiasi cha kumfanya mwenyewe aitupe. Lakini atakaye kuupelekea mmojawapo amri kutoka kwenye kompyuta yake sharti kwanza aandike masharti ambayo hapana mhandisi wa leo angeyabuni kwa hiari: biti 4800 kwa sekunde, biti 7 za data, pariti shufwa, na biti 2 za kusimamisha. Aghalabu fundi huyanakili masharti haya kutoka kwa aliyemtangulia, asiulize yametoka wapi. Yametoka kwenye karatasi.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, John T. Parsons, wa kiwanda kimoja katika mji wa Traverse City, jimbo la Michigan huko Marekani, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, na kwa msaada wa mhandisi Frank Stulen alizitumia mashine za IBM za kadi zilizotobolewa kukokotoa nukta nyingi za mkunjo wa panga. Kisha nukta hizo zikasomwa kwa sauti mbele ya mashine, fundi mmoja akizungusha gurudumu la upande huu na mwenziwe la upande ule, hata kigezo cha panga kikatoka sahihi kuliko mkono uwezavyo kwa kukisia. Mwaka 1949 Jeshi la Anga la Marekani liligharimia fikra hiyo, kazi ikaingizwa chuo cha MIT, na Septemba 1952 wakuu wa viwanda wakaonyeshwa mashine kubwa ya Cincinnati ikichonga pasipo mkono wa mtu, ikiongozwa na makabati yaliyojaa valvu za kioo, na makabati hayo nayo yakiongozwa na utepe wa karatasi uliotobolewa. Parsons mwenyewe alikuwa amekwisha sukumwa kando na wasomi, jambo ambalo kwa maoni yangu halikuwa la insafu; hataza yake na Stulen ilitolewa mwaka 1958, na nishani ya taifa wakaipata mwaka 1985.

Utepe huo baadaye ulipatanishwa uwe na upana wa inchi 1, safu 8 za matundu, na herufi 10 katika kila inchi ya urefu. Tuitazame herufi X kwa mpangilio wa ISO: ina matundu 3, na kwa kuwa 3 ni witiri, safu ya nane hutobolewa tundu la nyongeza ili hesabu iwe shufwa, ilhali G, yenye matundu 4, huachwa ilivyo. Kisoma utepe kikikuta hesabu ya witiri hujua kwamba karatasi imechanika au kwamba tundu limezibwa na uchafu, mafuta yakiwa hayakosekani karakanani, nacho husimama kabla chuma hakijaharibika. Basi biti 7 ni safu saba za herufi, na pariti shufwa ni lile tundu la nane. Ama zile biti 2 za kusimamisha, hizo ni urithi wa teletaipu, mashine za kupigia chapa zilizotuma herufi 10 kwa sekunde na kuhitaji muhula mfupi baada ya kila herufi ili vyuma vyake vitulie.

Waya ulipokuja haukuiondoa karatasi, bali uliigiza. Kanuni ya RS-232 ilitolewa Marekani mwaka 1960, na sura yake iliyoenea zaidi ni ya mwaka 1969. Muradi wake ulikuwa kuunganisha teletaipu na modemu, wala si kompyuta na mashine ya kukereza. Mitambo isiyokuwa na mlango wa aina hiyo ilipachikwa visanduku nyuma ya kisoma utepe, vikipokea data kwa waya na kuutolea mtambo ishara zilezile za matundu, nao usitambue kwamba karatasi imeondoka.

Hapo ndipo penye mashaka ya fundi. Kwenye plagi ya pini 25, pini ya 2 hutuma, ya 3 hupokea na ya 7 ndiyo rejeo la pamoja. Kwenye plagi ya pini 9 iliyoenezwa na kompyuta ya IBM ya mwaka 1984, ya 2 hupokea, ya 3 hutuma, na rejeo ni ya 5. Mwenye kuziunganisha asikisie. Tena mtambo wenye kidhibiti cha kampuni ya Fanuc usipoona ishara kwamba mwenziwe yu tayari hutoa onyo namba 086 na kukataa katakata. Dawa iliyozoeleka ni kuunga pini ya 4 na ya 5, kisha ya 6, ya 8 na ya 20 pamoja, upande wa mtambo, ili uisome ishara yake mwenyewe na kuridhika. Ni hila, lakini hila ya halali.

Uungwana wa kusubiriana hubaki kwa herufi mbili zisizochapika, namba 17 na namba 19, ambazo asili yake zilikuwa amri za kuwasha na kuzima kisoma utepe cha teletaipu. Kwa hiyo mtambo ukiishiwa nafasi hutuma 19, na kompyuta hunyamaza mpaka ipate 17. Na fundi abonyezapo kitufe cha kusoma, kiooni humemeta herufi LSK: mtambo unaruka kila kitu mpaka ukute mwisho wa mstari wa kwanza, kwa sababu zamani mwanzo wa utepe ulitobolewa jina la kazi, na jina si amri. Ndiyo sababu faili hufunguliwa kwa alama ya asilimia iliyokaa peke yake mstarini. Asiyeiweka huenda akapoteza amri yake ya kwanza.

Hata kumbukumbu ya mitambo hiyo iliuzwa kwa mita. Mita 80 za utepe ni herufi 31,500 hivi, ambazo teletaipu ingezituma kwa dakika 52, na waya wa biti 4800 huzituma kwa sekunde 72, maana kila herufi hubeba biti 11, pamoja na ile ya kuanzisha. Lakini kazi za kalibu za plastiki huzidi mita hizo mara nyingi, hivyo kompyuta huulisha mtambo kidogo kidogo huku ukichonga. Na ikiwa kila mstari una herufi 20 na husogeza kisu sehemu ya kumi ya milimita, waya hauwezi kukipeleka zaidi ya milimita 130 kwa dakika, nacho husitasita na kuacha makovu kwenye chuma. Hapo mafundi hupandisha kasi hadi 9600 iwapo mtambo waikubali, kisha huondoa nafasi tupu na namba za mistari, ili kila herufi ipitayo iwe na kazi.