Chembe Hazipanuki: Historia Fupi ya Mvuke na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Kiswahili

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Ukiacha maji kidogo kwenye sahani asubuhi, jioni utaikuta sahani kavu. Hakuna aliyeyanywa wala kuyamwaga. Maji yamekwenda wapi? Swali hili ni la mtoto wa shule ya msingi, lakini wataalamu wa Ulaya walihitaji karne nzima na zaidi kulijibu. Makala haya yanasimulia safari hiyo kwa ufupi, kisha yanaeleza kwa nini inatuhusu sisi tunaofundisha lugha.

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha somo la tafsiri, na matini ya siku ile ilihusu kuchemka kwa maji. Mimi mwenyewe niliandika ubaoni: "Maji yanapochemka, chembe zake hupanuka, hugeuka kuwa hewa na kupaa juu." Niliridhika nayo. Mwanafunzi mmoja aliyesoma sayansi sekondari akanyoosha mkono: "Samahani, Mwalimu. Kiswahili ni kizuri, lakini sentensi si kweli." Darasa likacheka, nami nikaona haya. Matini ya asili haikusema kwamba chembe hupanuka, wala haikusema kwamba maji hugeuka hewa. Hayo niliyaongeza mimi, kwa sababu ndivyo nilivyodhani. Kipindi kilipokwisha nilikwenda maktaba. Huko niligundua kwamba kosa langu lilikuwa na wakubwa zake katika historia.

Tuanze na Joseph Black, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow nchini Uskoti. Mwaka 1762 aliweka maji kwenye chombo juu ya moto mkali na kuangalia saa. Maji yalianza kuchemka baada ya dakika 4 hivi, lakini yalihitaji dakika 20 hivi zaidi ili yakauke yote. Katika muda huo wote wa kuchemka, kipimajoto hakikupanda. Moto ulikuwa uleule, nalo joto liliendelea kuingia. Basi lilikuwa likienda wapi? Black alisema limejificha ndani ya mvuke, na tangu hapo likaitwa joto fiche. Leo tunajua kwamba kugeuza kilo 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke huchukua nishati ya kilojuli 2,260 hivi, zaidi ya mara 5 ya ile inayohitajika kuyatoa kwenye baridi ya barafu hadi kuchemka. Mama anayepika matoke kwa mvuke hapa Uganda anaitumia kanuni hiyo kila siku: mvuke unapogusa majani ya migomba na ndizi hurudi kuwa maji, na joto lililojificha hutoka na kuivisha chakula.

Black alipima joto lakini hakueleza chembe zinafanya nini. Aliyejaribu ni John Dalton wa Manchester. Kabla yake wengi waliamini kwamba maji ya sahani huyeyuka ndani ya hewa kama chumvi iyeyukavyo majini. Mwaka 1801 Dalton alieleza kwamba sivyo: mvuke wa maji una kanuna yake wenyewe, na hujaza nafasi kwa kiasi kilekile, iwe nafasi hiyo ina hewa au haina. Hewa na mvuke ni kama abiria wawili katika basi moja, kila mmoja ana safari yake. Kwa hiyo maji hayageuki kuwa hewa. Hubaki maji, ila katika hali nyingine.

Hata hivyo, Dalton naye aliteleza. Alidhani chembe za gesi zimetulia tuli, kila moja imezungukwa na wingu la joto, na joto likizidi wingu hilo hunenepa na kusukuma chembe jirani. Kwa maneno mengine, Dalton aliamini jambo linalofanana sana na sentensi yangu ya ubaoni. Sikusema hivyo darasani ili kujitetea, lakini moyoni nilifarijika.

Picha tunayoikubali leo ni tofauti. Chembe za maji, yaani molekuli, zina ukubwa uleule katika maji na katika mvuke. Kinachobadilika ni nafasi kati yake na mwendo wake. Ndani ya maji molekuli zimekaribiana, zinavutana na kusukumana huku zikipishana bila kutulia, kama watu sokoni siku ya gulio. Zikiwa mvuke zimeachana mbali na kila moja hukimbia peke yake hadi igongane na nyingine. Lita 1 ya maji ikichemka yote usawa wa bahari hutoa mvuke wa lita 1,700 hivi, ilhali hakuna molekuli hata moja iliyonenepa.

Mmoja wa waliotangulia kuiona picha ya chembe zinazokimbia ni John James Waterston, Mskoti aliyekuwa akifundisha vijana wa jeshi la majini huko Bombay, India. Mwaka 1845 alituma andiko lake kwa Royal Society mjini London. Waliolisoma walilidharau, wakaliona ni upuuzi, nalo likawekwa kabatini. Waterston alifariki mwaka 1883 bila kuliona likichapishwa. Mwaka 1891 Lord Rayleigh alilifukua kwenye kumbukumbu za chama, na mwaka 1892 likatolewa, miaka 47 baada ya kuandikwa. Sisi tunaosahihisha kazi za wanafunzi tulikumbuke kabati lile kila tunapotaka kuchora mstari mwekundu kwa haraka.

Wakati huo wengine walikuwa wamekwisha kufika. Mwaka 1857 Rudolf Clausius, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Zürich, Uswisi, alieleza kwa nini maji ya sahani hukauka bila kuchemshwa. Molekuli, alisema, hazina mwendo mmoja. Nyingine ni za polepole, nyingine za kasi. Iliyo usoni mwa maji, ikiwa na kasi ya kutosha kuelekea juu, huushinda mvuto wa wenzake na kuchopoka. Nyingine hurudi kutoka katika mvuke na kunaswa tena. Sahani ikiwa wazi, zinazotoka ni nyingi kuliko zinazorudi, na maji huisha. Chombo kikifunikwa, hufika wakati zinazotoka na zinazorudi zikalingana, na kwa macho yetu huonekana kama hakuna kinachotokea. Mwaka 1860 James Clerk Maxwell alitoa hesabu ya jinsi kasi hizo zinavyogawanyika.

Hapo ndipo siri ya mtungi inapofichuka. Mtungi wa udongo huvuja jasho kidogo kidogo. Molekuli zenye kasi ndizo zinazotoroka kwenye jasho hilo, zinabaki za polepole, na upole wa molekuli ndio ubaridi wenyewe. Bibi zetu walijua matokeo hayo kabla ya hesabu ya Maxwell.

Lakini je, molekuli zipo kweli? Wanasayansi wakubwa kama Ernst Mach na Wilhelm Ostwald walizitilia shaka. Ludwig Boltzmann alizitetea miaka mingi, akafariki mwaka 1906 kabla ubishi haujakatika. Mwaka 1905 Albert Einstein alikuwa ametoa hesabu ya jinsi vipande vidogo vinavyoonekana kwa hadubini husukumwa na molekuli zisizoonekana, na kuanzia mwaka 1908 Jean Perrin wa Ufaransa aliithibitisha kwa vipimo. Ostwald akakubali kushindwa. Perrin alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1926.

Sasa turudi kwenye Kiswahili. Hatukosi maneno. Mwaka 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na vitabu vya sayansi vya shule za msingi za Tanzania vimezoea istilahi kama mvuke, gesi na molekuli. Lugha yenyewe ina hazina: tunasema moshi unafuka, tunafukiza ubani, mgonjwa anajifukiza. Shida yetu ni uzembe wa kutumia. Tunaita "hewa" kila kisichoonekana, na tunaita "mvuke" kile kiwingu cheupe juu ya birika. Tazama vizuri mdomo wa birika linalochemka: karibu kabisa na mdomo pana nafasi isiyoonyesha kitu. Hapo ndipo penye mvuke halisi. Kiwingu kinachofuata ni vitone vya maji vilivyokwisha kupoa. Na mapovu yanayopanda toka chini ya sufuria inayotokota ni mvuke, si hewa.

Kwa walimu wenzangu na wanafunzi wa tafsiri, napendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya kutafuta neno, jiulize ni nini kinachotendeka. Pili, chunga kitenzi kuliko nomino: molekuli "huachana" au "huchopoka", "hazipanuki". Tatu, umpe nafasi mwanafunzi anayenyoosha mkono, hata akikukosoa mbele ya darasa.

Sentensi yangu niliiandika upya wiki iliyofuata: "Maji yanapochemka, molekuli zake hupata nishati ya kutosha kuachana, nazo hutawanyika zikiwa mvuke." Nilimwomba yule mwanafunzi aisome kwa sauti. Aliisoma mara mbili, akasema, "Sasa ni kweli, Mwalimu."