Sabuni, Jivu na Dizeli: Historia Fupi ya Kichocheo cha Bayodizeli katika Ukanda wa Mlima Meru

Historia ya bayodizeli mkoani Arusha imezoeleka kusimuliwa kama historia ya mmea: mbono kaburi ulipandwa, ukasifiwa, ukaachwa. Insha hii inaanzia upande wa kichocheo, yaani kile kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kuisha. Swali lake ni kama kichocheo yabisi cha jiopolima yenye vinyweleo, kilichoshughulikiwa na watafiti wakati vuguvugu la mbono lilipokuwa limekwisha kupoa, kingebadili mkondo wa mambo. Jibu linalotetewa hapa ni kwamba kingepunguza tatizo la sabuni, lakini tatizo la mbegu lingebaki palepale.

Mbono kaburi, mmea wenye asili ya Amerika ya Kati, ulienea nchini kama ua wa boma na alama ya makaburi, ndipo ukapata jina lake. Mifugo haiugusi kwa sababu una sumu, sifa iliyoufaa sana katika nchi ya wafugaji. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya KAKUTE ya Arusha iliwahimiza wanawake wa Monduli kuupanda na kutumia mbegu zake, na bidhaa iliyopata wanunuzi ilikuwa sabuni. Ni rahisi kuliona jambo hilo kuwa hatua ya mpito tu kuelekea nishati. Lakini kikemia lina uzito wake: mafuta hayo yakikutana na alkali na maji, huwa sabuni kabla ya kuwa dizeli.

Njia ya kawaida ya kutengeneza bayodizeli ni kuchanganya mafuta na methanoli pamoja na sodiamu haidroksaidi, katika joto la nyuzi 60 hivi, hadi gliserini itue chini. Mmenyuko huo ulielezwa tangu 1853, na mwaka 1937 Mbelgiji G. Chavanne alipewa hataza ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa nishati, akiyalenga mawese ya Kongo. Kwa hiyo wazo la kuendesha injini kwa mafuta ya Afrika yaliyobadilishwa kikemia ni la enzi ya ukoloni. Kikwazo chake ni asidi huru. Mbegu zikikaa katika magunia yenye unyevu, asidi huongezeka. Ikipita takriban asilimia 1, alkali huanza kutengeneza sabuni, na bayodizeli hugoma kujitenga. Kisha huja kuosha, na maji mengi machafu.

Vuguvugu lilipopamba moto, kampuni ya Diligent Tanzania, yenye makao Arusha, ilinunua mbegu kwa wakulima wadogo na kuzikamua. Tarehe 30 Desemba 2008 ndege ya Air New Zealand iliruka na injini moja iliyotumia mchanganyiko wa mafuta ya mbono, ambayo sehemu yake ilitoka Tanzania. (Mafuta hayo, hata hivyo, yalisafishwa kwa hidrojeni, hayakupitia kabisa njia ya methanoli na alkali.) Mwaka 2010 serikali ilitoa miongozo ya nishati ya mimea, wakati ambapo matumaini mengi yalikuwa yamekwisha kufifia.

Jiopolima ilipata jina lake katika miaka ya 1970 kwa Mfaransa Joseph Davidovits: ni mawe bandia yanayotokana na alumini na silika zilizoamshwa kwa alkali kali. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walichanganya mafuta ya mimea katika uji wa jiopolima. Alkali iligeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni, na sabuni ikashikilia matone yasiungane; ilipooshwa kwa maji ya moto, iliacha vinyweleo. Baada ya kuongezewa kalsiamu, jiwe hilo likawa kichocheo kinachochujwa na kutumika tena. Adui wa pipa la bayodizeli alikuwa amefanywa fundi wa tanuri lake. Hata hivyo, asidi huru hudhuru vichocheo yabisi vya alkali pia, na kalsiamu huweza kuyeyuka kidogo kidogo.

Kwa mtu anayeishi Elerai, kata ya jiji la Arusha iliyo chini ya Meru, mvuto wa habari hii hauhitaji maelezo. Ardhi anayoikanyaga ni zao la volkeno, na majivu ya volkeno yamekwisha kutengenezewa jiopolima nchini Kamerun. Magadi ya Ziwa Natron yakichemshwa na chokaa hutoa alkali kali. Lakini jivu si kaolini safi: lina chuma na fuwele zisizoyeyuka kwa urahisi, hivyo matokeo ya Arizona hayawezi kunakiliwa bila vipimo vya hapa. Methanoli nayo haichimbwi Meru.

Mwandishi anaona kwamba kichocheo hiki kisingeuokoa mbono. Mmea uliopandwa kama ua katika nchi kavu huzaa kidogo, na kuchuma kwa mkono humgharimu mchumaji siku nzima kwa malipo haba. Hakuna jiwe lenye vinyweleo linalopunguza kazi hiyo. Mafuta yanayostahili kujaribiwa kwanza ni yale yaliyokaangiwa chipsi na kuku katika mitaa ya jiji. Nayo yana asidi, na huenda yakahitaji kutibiwa kwa asidi ya salfuriki kabla ya kukutana na jiopolima, lakini hayamdai mtu yeyote ashinde juani akichuma.