Kicheko cha Mwaka 1962

Mwaka 1962 nilikuwa na umri wa miaka 11, mwanafunzi wa darasa la nne, katika sehemu ambayo leo ni Wilaya ya Muleba lakini wakati ule ilikuwa bado ndani ya Bukoba. Siku moja ya mwezi wa tatu, dada yangu, binti wa baba mkubwa, aliletwa nyumbani kutoka shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha kabla likizo haijafika. Sisi watoto tulikimbia kumpokea sanduku. Akatutazama, akaanza kucheka. Tukacheka naye. Kisha tukaona machozi yanamtiririka, naye bado anacheka, na baba mkubwa akatufukuza pale uani.

Wakubwa wetu waliita jambo lile endwara y'okusheka, yaani ugonjwa wa kucheka. Wengine walisema unga wa mahindi wa shuleni ulikuwa na sumu, neno lililoaminika upesi kwetu, maana Mhaya asiyekula ndizi huhesabu kwamba hajala. Wengine walisema hewa imechafuliwa na mabomu ya atomu ya Wazungu.

Habari kamili ziliandikwa na madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, katika jarida la tiba mwaka 1963. Ugonjwa ulianza tarehe 30 Januari 1962 kwa wasichana watatu. Shule ilikuwa na wanafunzi 159, wa miaka 12 hadi 18, na kabla haijafungwa tarehe 18 Machi, 95 walikuwa wameshikwa. Ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wakashikwa wengine 57, ikafungwa mara ya pili mwishoni mwa Juni. Wasichana waliorudishwa makwao walikwenda nao. Huko Nshamba, katika miezi ya Aprili na Mei, walishikwa watu 217, wengi wao vijana. Mwezi wa Juni ukazuka katika shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba, ukawapata 48 kati ya 154. Madaktari walipima damu, wakapima maji ya uti wa mgongo, wakachunguza chakula. Hawakuona mdudu wala sumu. Hakuna aliyekufa.

Tangu hapo magazeti ya nchi za nje yameifanya habari hii kuwa kichekesho, kana kwamba watu wa Bukoba walikaa mwaka mzima wakicheka bila kupumua. Jambo hilo huniudhi. Kicheko kilikuja na kuondoka, kikichanganyika na kilio na hofu. Wengine walidai wanafukuzwa na mtu wasiyemwona, na ukiwashika kwa nguvu walipigana. Hakukuwa na furaha ndani yake.

Katika taarifa ile kuna jambo moja dogo ambalo nimelirudia mara nyingi. Shule ya Kashasha ilikuwa na walimu 5, Wazungu 2 na Waafrika 3, na hakuna hata mmoja aliyeshikwa. Walikula hapo, walivuta hewa ile ile. Walioshikwa ni wale ambao neno lao halikuulizwa na mtu.

Fikiri, ndugu msomaji, hali ya binti wa wakati ule. Uhuru ulikuwa umepatikana tarehe 9 Desemba 1961, siku 52 tu kabla ya kicheko cha kwanza. Kila mzazi na kila mwalimu alikuwa akisema nchi inawangoja wasomi. Mtihani wa darasa la nne ulichuja wengi, wa darasa la nane ukachuja tena, na msichana aliyefika bweni alijua nyuma yake kuna kahawa iliyouzwa na kaka aliyekosa karo. Hata sisi wa darasa la nne tulilala tukiota hesabu.

Siku hizi tunasema msongo wa mawazo. Neno hili nalipenda, kwani limetoka katika kusonga, na aliyewahi kusonga ugali wa watu wengi anajua mkono unavyoelemewa. Hans Selye, mtafiti wa Montreal nchini Kanada, alianza kuueleza kitaalamu mwaka 1936. Mtu akiona hatari, tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli katika damu. Moyo huenda mbio, sukari hupanda, misuli hukaza tayari kwa kukimbia. Chui akiondoka, mwili hutulia. Lakini mtihani hauondoki kama chui, wala karo, wala msiba. Mwili ukikaa katika hali hiyo miezi na miaka, usingizi hupotea, tumbo husumbua na shinikizo la damu huweza kupanda. Na kwa vijana waliofungiwa pamoja, mmoja akizidiwa, mwili wa jirani yake huweza kufuata.

Haya yote niliyasoma nikiwa nimekwisha kukosea.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa wetu wa Kagera. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari ya wasichana. Msichana wa kidato cha nne aliomba ruhusa kwenda kumaliza matanga ya mama yake. Nikamnyima. Mtihani wa majaribio ulikuwa wiki inayofuata, nami nilikuwa na ubao nje ya ofisi yangu, majina yote yamepangwa kwa alama, wa kwanza hadi wa mwisho. Usiku wa tatu alianguka chumba cha kujisomea, akipiga kelele. Kesho yake walianguka wanne. Nilichukua fimbo, nikasema sitaki mchezo. Jioni walikuwa kumi na mmoja.

Matroni, mama mtu mzima ambaye hakufika mbali shuleni, alikuja ofisini akabaki amesimama. Alisema, "Mwalimu, samahani. Umewauliza nyumbani kwao kuna nini?"

Sikuwa nimeuliza. Tulipokaa nao mmoja mmoja, tukiwatenga na umati wa watazamaji, karibu wote walikuwa wamezika mzazi au walikuwa na mgonjwa ndani. Niliwapa ruhusa wote waliokuwa na msiba. Niliung'oa ule ubao. Taa tukazima saa nne badala ya saa sita, jioni wakacheza mpira wa pete, na kila Jumamosi matroni alikaa chini ya mwembe na yeyote aliyetaka kusema. Kuanguka kulipungua, kisha kukakoma. Yule wa kwanza alirudi baada ya siku tisa, akanisalimia kwa heshima zote, lakini hakunitazama tena usoni mpaka alipomaliza shule.

Nilipohamishiwa chuo cha ualimu, niliwasimulia walimu wanafunzi habari za Kashasha kila mwaka. Za fimbo yangu sikuwasimulia.

Mwaka juzi nilikwenda kumsalimu dada. Ni bibi wa wajukuu wengi sasa. Nilimkuta ameanika kahawa kwenye mkeka, akifukuza kuku. Nilivuta kigoda, nikamwuliza, "Dada, mwaka ule ulikuwa unacheka nini?"

Alisimama na fimbo yake ya kuku mkononi, akanitazama.

"Waitu, mdogo wangu! Miaka sitini, na wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Akaketi. Akaanza na siku baba mkubwa alipomsindikiza hadi barabarani na sanduku kichwani, akamwambia asirudi bila cheti. Giza lilipoingia, kahawa ilikuwa bado haijaanuliwa.