Saumu ya Wabahai: Siku 19 za kuitawala nafsi

Mwezi Machi, mvua za masika zinapokaribia Kiptere, katika Kaunti ya Kericho, wachumaji wa majani chai huamkia mashambani mapema. Kikombe cha chai ya maziwa ndicho kifungua kinywa cha wengi. Kwa mfuasi wa dini ya Bahai, hata hivyo, siku nyingi za mwezi huo kikombe hicho hunywewa kabla ya macheo, la sivyo hungoja hadi machweo.

Kalenda ya Wabahai ina miezi 19 yenye siku 19 kila mmoja. Mwezi wa mwisho, Alaa, yaani Uadhama, ndio wa saumu. Huanza Machi 1 au 2 na kukamilika Naw-Ruz, mwaka mpya, inapowadia Machi 20 au 21. Sheria hiyo imo katika Kitab-i-Aqdas, kilichoandikwa na mwasisi wa dini hiyo, Baha'u'llah (1817-1892), yapata mwaka 1873, akiwa mfungwa mjini Akka. Mfungaji hujiepusha na chakula, vinywaji na sigara kwa muda wa saa 12 hivi.

Kisaikolojia, siku za kwanza ndizo ngumu. Mtu aliyezoea chai mchana kutwa huweza kuumwa kichwa, kuchoka na kuwa mwepesi wa hasira, kwa sababu mwili unadai kafeini. Hali hiyo huweza kuendelea kwa siku 2 hadi 9. Ikishapita, mfungaji hugundua jambo jingine: kwamba mara nyingi mkono wake ulikuwa ukifuata kikombe kwa mazoea tu, si kwa kiu. Hapo hujifunza kutua kidogo kati ya kutamani na kutenda, na funzo hilo humfaa pia anapochokozwa au kukasirishwa.

Kiroho, Shoghi Effendi, aliyeiongoza jumuiya ya Wabahai ulimwenguni kuanzia 1921 hadi 1957, alieleza kwamba saumu ni kipindi cha sala na tafakuri, na kwamba kujinyima chakula ni ishara ya kujinyima ubinafsi na tamaa za mwili. Kwa maana hiyo, anayefunga huku akimsengenya jirani ameshinda na njaa tu.

Sheria hiyo haikusahau udhaifu wa binadamu. Wanaosamehewa ni wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha, walio katika hedhi, walio chini ya miaka 15 au waliozidi miaka 70, na wasafiri wa zaidi ya saa 9, au saa 2 kwa miguu. Wamo pia wanaofanya kazi nzito. Hao wa mwisho hushauriwa kula kwa kiasi na faraghani, kwa kuiheshimu saumu.

Kifungu hicho chaigusa moja kwa moja nchi ya chai. Anayepanda na kushuka miteremko na kikapu mgongoni kutwa nzima ana kazi nzito, na halazimiki kufunga. Baadhi ya watu huona haya kula wenzao wakifunga, wakajilazimisha. Kwa mgonjwa, kujilazimisha huko hakuruhusiwi: Baha'u'llah alifundisha kuwa haifai kufunga afya inapokuwa mbaya. Mwenye kisukari au vidonda vya tumbo anayeacha mlo na dawa ili aonekane mchaji huhatarisha maisha yake bila kuongeza thawabu.

Wala hakuna askari wa saumu. Aliyekula kwa kusahau hajaivunja, na hesabu hubaki kati ya mja na Mola wake.

Afrika Mashariki ina Nyumba mbili za Ibada za Wabahai: ile ya Kampala, iliyofunguliwa Januari 1961, na ya Matunda Soy, magharibi mwa Kenya, iliyofunguliwa Mei 2021. Milango yake i wazi kwa watu wa dini zote, waliofunga na wasiofunga.