Kalamu Mbili za Mirambo

Mtunzi atakaye mhusika mwovu wa kukumbukwa aghalabu humpa nasaba ya kutawala, kisha akamkabidhi na madhabahu. Mtawala ashikaye pia siri za mizimu hutisha kuliko jambazi wa njiani. Katika Unyamwezi ya karne ya 19 cheo cha namna hiyo kilikuwapo, nacho ni utemi. Mtemi alikata mashauri, aliomba mvua na kuwatambikia wahenga, na afya ya mwili wake ilihesabiwa kuwa afya ya nchi.

Mirambo, ambaye jina lake la awali ni Mtyela Kasanda, alikuwa mtemi wa Uyowa, magharibi ya Tabora. Jina la Mirambo, yaani maiti, lilikuwa la vita. Nalo peke yake lilimtosha mtunzi.

Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe Juni 1871 akimtafuta Livingstone, akaikuta njia ya Ujiji imefungwa. Akajiunga na Waarabu kumpiga Mirambo, wakashindwa. Agosti ile Khamis bin Abdallah akauawa na sehemu ya Tabora ikateketea. Katika kitabu cha Stanley cha 1872 Mirambo ni mnyang'anyi tu, wala si ajabu: aliyemwandika alikuwa amemkimbia.

Kilichofifia katika picha hiyo ni ushuru. Zaidi ya miaka kumi nyuma, mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe alizitoza kodi bidhaa za wafanyabiashara. Wakamwondoa na kumtawaza Mkasiwa, na mwaka 1865 Mnywa Sele akauawa. Mirambo aliukuta ugomvi huo, na njia ya pembe ilipita mlangoni pake. Unguja nako habari zake zilifikishwa na watu waliokuwa wakidai mali zao. Nani angetarajia sifa?

Aprili 1876 Stanley na Mirambo walikutana ana kwa ana. Mgeni alishangaa: mbele yake palikuwa na mtu mpole, mwenye sauti ya chini na adabu. Wakachanjiana damu wakawa ndugu. Hapa pana la kuchekesha kidogo, maana tambiko ambalo mtunzi angelitumia kumtia mhusika wake giza ndilo lililomtakasa Mirambo katika kitabu cha Stanley cha 1878.

Hata hivyo, picha ya pili nayo ina upungufu wake. Rugaruga wa Mirambo walichoma vijiji na kuteka watu, na waliochomewa hawakuwa Waarabu peke yao. Wengi walikuwa Wanyamwezi wenzake, ambao hawakuacha kitabu. Upole wa sauti yake haukuwarudishia nyumba.

Tippu Tip, ambaye baba yake alioa katika nyumba ya mtemi Fundikira, alipatana na Mirambo kama mwenye njia apatanavyo na mwenye mzigo. Mirambo alifariki Desemba 1884, na dola yake haikudumu. Jina la Urambo limebaki, sasa likiwa la wilaya katika Mkoa wa Tabora.